Mshika Ma wa Nchi ya Kinywani

Njoo, hadithi, na kama umefuatana na uongo, mkaribishe naye aketi, mradi ukweli asiachwe nje ya mlango.

Kosa la Sikudhani lilikuwa moja tu: aliulizwa swali langoni, akajibu kweli.

Alikuwa mpita njia. Mama yake mzazi aliishi mbali, nyuma ya nchi mbili zinazopakana, Kinywani na Ulimini, na hakuwahi kumtia machoni mjukuu wake. Sikudhani aliona mtoto asije akakua kwa kusimuliwa bibi. Akamfunga Tunu mgongoni kwa mbeleko, akajitwika furushi, akaenda. Langoni pa Kinywani mlinzi hakumuuliza ametoka wapi wala amebeba nini. Alimzunguka, akamchungulia mtoto, kisha akauliza kwa sauti ya chini kama mtu anayeulizia hali ya mgonjwa:

"Dada, huyu ameshasema 'ma'?"

Sikudhani akacheka. Kuna watu wana maswali!

"Bado, kaka yangu. Huyu ni wa baba yake. Kutwa ba-ba-ba-ba. Tumbo nimebeba mimi, nepi nafua mimi, sifa anapewa baba."

Mlinzi hakucheka. Alichukua pembe iliyoning'inia kiunoni mwake, akaipuliza. Wanawake waliokuwa wakiuza mboga pembeni mwa lango waliinamisha vichwa wote kwa pamoja. Mmoja, akijifanya anapanga mafungu ya mchicha, akamnong'oneza:

"Umefanya nini, mwenzangu? Hapa ukiulizwa hivyo unasema ameshasema, tena zamani. Wangu alisema 'mama' kitovu hakijakatika."

"Kitovu? Mtoto mchanga kiasi hicho?"

"Wa jirani yangu alilisema tumboni. Muulize yeyote."

Lakini ushauri ulikuwa umechelewa. Walinzi walikwisha kumzunguka, tena kwa adabu nyingi, wakampokea furushi, wakampa pole na hongera katika pumzi moja. Akawaambia anakwenda kwa mama yake ng'ambo ya Ulimini; wakamwambia mwanawe amebahatika. Atakuwa Mshika Ma.

Kinywani hakuna jeshi la kutajika wala ngome ya maana. Kuna Apizo. Ni neno moja la silabi saba waliloachiwa na wahenga wao, na anayelitamka lote kutoka kwenye roshani ya Baraza, akiwa ameelekea Ulimini, basi Ulimini haibaki hata kuku. Ndivyo wanavyofundishwa tangu utotoni. Ulimini nao wana lao. Na kwa kuwa watu wa nchi hizi wameoana tangu enzi na enzi, na apizo halisomi mipaka bali hufuata damu, kila mtu anajua kwamba atakayeanza atawaua wajomba zake kwanza, kisha shangazi zake, na kabla hajafumba mdomo litakuwa limemrudia yeye mwenyewe. Jambo hilo halifichwi. Linaimbwa shuleni. Wanaliita Amani.

Ili mtu asije akalitamka kwa hasira au kwa pombe, waliligawa. Silabi saba, washikaji saba. Kila mmoja hutunza yake maisha yake yote na haruhusiwi kuitamka katika maongezi ya kawaida, kwani silabi, wanasema, ni kama wembe: ukikatia kila kitu unabutuka. Kwa sababu hiyo mshikaji huchaguliwa angali mchanga, kabla ulimi wake haujaigusa silabi yake hata mara moja.

Mgeni huchukua muda kuzoea kuongea nao. Mshika Ta hawezi kusema neno la kesho, maana hakuna "nitakwenda" wala "tutajenga" bila ta; akapewa wizara ya mipango. Mshika Li hana jana. Hawezi kusema "niliona" wala "walikuja". Yeye ndiye mtunza historia. Na Mshika Si, bwana mnene mpole aitwaye Jecha, hawezi kusema "siyo", "sitaki" wala "sikubali". Hapana anayo, hakuna aliyemnyang'anya, ila mtu akiishi mpaka akaota mvi bila si husahau hata njia ya kuifikia hapana. Jecha ndiye waziri wa mipaka.

Mshika Ma alikuwa Bi Siwatu, bikizee aliyebakiza meno ya kuhesabika, na Baraza lilikuwa na hofu kwamba siku moja angeota ndoto mbaya akamwita mama yake usingizini. Mrithi alitakiwa upesi. Lakini ajabu ya Kinywani ni hii: hapakuwa na nyumba isiyolisifu Apizo, na hapakuwa na nyumba yenye mtoto wa kulitunzia. Kila mchanga aliyetafutwa alikutwa ameshasema. Mjukuu wa Mkuu wa Baraza, ilisemekana, alizaliwa akilisema.

*

Walimweka Sikudhani na mtoto nyumbani kwa Bi Siwatu mpaka siku ya gulio, ambapo silabi ingekabidhiwa. Mlangoni alikaa msikilizaji wa Baraza, kazi yake kutega sikio na kuapa kwamba mtoto hajasema lolote.

"Shikamoo, bibi," Sikudhani akasalimu.

Bikizee aliinua kiganja, akakishusha. Hakuitika. Sikudhani akaona moyoni kuwa ameingia kwa mtu mwenye kiburi, mpaka alipolitafuta jibu la shikamoo katika kinywa chake mwenyewe akalikuta linaanza na nini. Aibu ikamshika. Mwanamke huyu alikuwa ameamkiwa tangu alipokuwa mtu wa kuamkiwa, na hakuwahi kumuitikia hata mmoja.

"Keti, binti," akasema Bi Siwatu. "Nipe ile ya kunywa, koo linanikwaruza. Huyo ndiye?"

"Ndiye, bibi."

"Ana shavu zuri. Hajui lolote bado, ee?" Akanywa, akafuta midomo. "Binti, hebu niambie. Lile neno lako likoje ukilitoa?"

"Neno lipi?"

"Lile la kila mtoto. Wengine wote wanalo, wanalichezea tu. Mwenzio sijawahi hata kulionja."

Sikudhani alifikiri. Hakuwahi kuulizwa jambo kama hilo, hata kwenye darasa la jioni alikojifunza kusoma, walikokuwa wakiimba ba be bi bo bu mpaka taa inazimwa.

"Linaanza mdomo ukiwa umefumbwa, bibi. Nadhani ndiyo sababu watoto huliwahi. Mtoto ananyonya, midomo imefumba. Akiachia tu, limetoka. Yaani ni kama linatoka na maziwa."

Bi Siwatu alifumba midomo, akaibana, akakaa hivyo. Halafu akaifungua bila sauti.

"Mzazi wangu alikuwa akija kila gulio kunitembelea," akasema. "Nikitaka kumwita, naita 'Wewe!' Watu wakadhani binti huyu hana adabu, kutwa anamgombeza mzazi wake. Siku aliyokuwa akifa niliinuka pale kitandani kwake nikaita, 'Wewe! Wewe! Usiende!' Akanigeukia, akacheka kidogo. Akafa. Hadi leo sijui kilichomfikia ni kipi, wito wangu au ukali wangu."

Sikudhani alimvuta Tunu kifuani, na tangu jioni ile hakuwa na kazi nyingine. Akimkogesha, anamnong'oneza: ma. Akimlisha uji: ma, mwanangu, sema ma, mara moja tu, halafu utasema baba mpaka ndevu zimuote huyo baba. Tunu alimtazama midomo, akaikamata kwa vidole vyenye uji, akaangua kicheko.

"Ba," akasema.

"Siyo ba, wewe mtoto. Ma."

"Ba-ba-ba-bu."

Kulipokucha Sikudhani alimuapia msikilizaji kwamba mtoto amelisema alfajiri. Msikilizaji, mwanamume mwenye masikio safi kuliko ya mtu yeyote ambaye Sikudhani amewahi kumwona, akatikisa kichwa.

"Dada, nisingependa kukuharibia," akasema. "Lakini nimesikia ba tu. Ba nzuri sana."

*

Mama wa mteule hupewa heshima ya kukaa barazani, kwa hiyo Sikudhani aliitwa. Ukumbi ulikuwa wa baridi. Washika Silabi saba walikaa mstari mmoja juu ya viti virefu, na mbele yao alisimama Mkuu wa Baraza, Mzee Machano, mtu wa kilemba cheupe na sauti ya kubembeleza.

Shauri la siku lilikuwa uzio wa mpakani. Watu wa Ulimini walikuwa wameusogeza tena, na safari hii wamekivuka kisima.

Jecha akasimama kutoa taarifa. Kwa kuwa neno "kisima" nalo lina si, alisema "lile shimo la maji".

"Nimekwenda kuwaona," akasema. "Wameniambia wanalihitaji lile shimo la maji. Nikaangalia, nikaona ni kweli wanalihitaji. Wamenikaribisha chai. Nikanywa."

"Swali ni dogo," akasema Mzee Machano. "Je, kisima kimoja ni cha kutamkia Apizo?"

Ukumbi ukaguna. Kuua watu wote, na wajomba, na sisi wenyewe, kwa kisima? Haiwezekani. Mwaka uliopita lilikuwa shamba la mihogo, nalo halikutosha. Kabla yake njia ya kwenda makaburini. Sheria ilikuwa wazi, akaeleza Mzee Machano kwa faida ya mgeni: Apizo litatamkwa Ulimini wakichukua nusu ya nchi. Ulimini wanaijua sheria hiyo, ndiyo maana hawajawahi kuchukua nusu.

"Wanachukua kidogo," akasema Sikudhani.

"Kidogo tu."

"Na hiyo nusu mnaipima kwa nchi ilivyokuwa zamani, au kwa iliyobaki?"

"Kwa iliyobaki, bila shaka. Hatuwezi kupima kitu ambacho hatunacho."

Kijana mmoja wa Baraza, aliyekuwa akihesabiwa kuwa ndiye mwenye fikra mpya, akasimama na kusema tatizo haliko kwenye uzio. Tatizo ni kwamba Ulimini wana Apizo la silabi tisa, na Kinywani wamelala kwenye saba. Akaomba wataalamu wa matamshi waongeze ya nane bila kuchelewa, na ya tisa ianze kutafutiwa mtoto. Alipigiwa makofi.

"Samahani," akasema Sikudhani. "Hili la silabi saba linaua watu wangapi?"

"Wote," akajibu kijana.

"Na la tisa?"

"Nalo wote."

"Sasa hiyo ya nane inakwenda kumuua nani?"

Kijana alimtazama kwa huruma. "Mama, haya ni mambo ya kitaalamu."

Mzee Machano akaingilia, maana hakuwa mtu wa kupenda wageni wadharauliwe. "Binti yangu, nakuelewa. Wewe ni mzazi, unaangalia mtoto. Sisi tunaangalia nchi. Jiulize jambo moja tu: tangu tuwe na Apizo, je, tumewahi kupigana vita na Ulimini? Hatujawahi! Hata siku moja!"

"Na kabla ya Apizo mlipigana vita ngapi?"

Swali lilimwendea Mshika Li, kwani historia ilikuwa yake. Mzee yule alisimama, akakohoa, akatafuta jana kila mahali asiipate.

"Wahenga wanapigana," akaanza. "Au hawapigani." Akaketi, jasho likimtoka.

Hapo ndipo jambo lilipomjia Sikudhani. Alikuwa amekaa asubuhi nzima akiwasikiliza wale saba, mmoja baada ya mwingine, na sikio lililoimba ba be bi bo bu haliachi tabia yake. Siri iliyokuwa ikilindwa na lango na pembe na wasikilizaji ilikuwa imekaa wazi mbele yake. Haikuwa kwenye maneno waliyosema. Ilikuwa kwenye mashimo. Kila mmoja aliongea akiruka tundu lake, kama mtu mwenye pengo anavyoruka mfupa, na ukiyajua matundu saba umelijua Apizo. Mpangilio? Walikuwa wamekaa kwa mpangilio.

Jioni alimweleza Bi Siwatu kwa kunong'ona, akidhani atamshtua.

"Ee, binti," bikizee akasema. "Nani asiyejua? Wachuuzi wa gulioni wanajua. Watoto wanaliimba wakiruka kamba. Wale wa Ulimini nao wanajua letu, sisi tunajua lao. Hakuna siri. Kuna adabu tu."

*

Siku ya gulio mji mzima ulijaa uwanjani chini ya roshani. Sikudhani alipandishwa juu, Tunu mgongoni, akasimamishwa kando ya Bi Siwatu. Kutoka pale Ulimini ilionekana yote: mapaa, moshi wa majiko, mbuzi.

Mzee Machano alinyoosha mikono ampokee mtoto.

"Simpi mtu," akasema Sikudhani.

Mikono ya mzee ikabaki hewani.

"Binti yangu..."

"Mzee, naomba unisikilize, na nyote huko chini. Mwanangu ataniita mama. Asiponiita leo ataniita kesho, asiponiita kesho nitangoja. Lakini hamtamnyang'anya neno hilo mkaliweka kabatini. Yeyote atakayemgusa, nitalitamka Apizo. Ninalijua. Ninalijua lote, na nimesimama mahali penyewe."

Walinzi walirudi nyuma. Kijana wa fikra mpya alijificha nyuma ya kiti. Mzee Machano peke yake hakutetereka. Alimtazama Sikudhani kama mwalimu amtazamavyo mwanafunzi aliyeanza kuelewa somo.

"Litamke," akasema.

Sikudhani akafungua mdomo. Silabi ya kwanza ilikuwa pale, nyepesi, kama punje ya mchele juu ya ulimi. Alimsikia Tunu akihema nyuma ya shingo yake. Aliuona moshi wa Ulimini, na nyuma ya ule moshi, mbali, alijua kuna nyumba ambayo mama yake ameketi akichambua mboga. Akafumba mdomo.

"Umeona?" akasema Mzee Machano kwa upole. "Huwezi. Una mtoto mgongoni na mama upande wa pili."

"Ni kweli," akasema Sikudhani, na machozi yalikuwa yakimtoka bila yeye kuyafuta. "Siwezi. Sasa niambie wewe, mzee: nani hapa anaweza? Wewe una mjukuu. Jecha ana dada ameolewa kule. Anayeweza kulitamka anyooshe mkono, nimuone sura yake."

Hakuna mkono ulionyooka.

"Si lazima tuweze," akasema Mzee Machano, na sasa sauti yake ilikuwa imepungua ule ubembelezi. "Hapo ndipo watu msipoelewa. Si lazima tuweze. Yatosha wao wasiwe na hakika."

"Hakika wanayo. Tazama chini."

Akaelekeza kidole. Watu wote wakageuka. Uzio ulikuwa umesogea tena, sijui saa ngapi, umefika hatua chache tu kutoka ukuta wa Baraza lenyewe; na juu ya uzio huo, kutoka mwisho mmoja hadi mwingine, wanawake wa Ulimini walikuwa wameanika nguo walizofua: mashuka, suruali, kanga, nepi.

"Mtu mwenye wasiwasi na wewe," akasema Sikudhani, "haji kuanika nepi dirishani kwako."

Kule chini mtu mmoja alicheka, akajiziba mdomo. Uso wa Mzee Machano ulibadilika.

"Mchukueni mtoto," akasema.

Walinzi walikuwa watu wa kutii. Mmoja alimkamata Sikudhani mikono, mwingine akaanza kufungua fundo la mbeleko. Sikudhani akapiga kelele, akamng'ata mtu kidole. Tunu naye akalia kilio cha kukata pumzi, na wanawake uwanjani, wote waliowahi kuapa uongo juu ya watoto wao, walikuwa wakitazama ardhi.

"Mwacheni," akasema Bi Siwatu.

Hawakumwacha.

Bikizee akasimama. Alishika ukingo wa roshani kwa mikono miwili. Akafumba midomo, akaibana, kama alivyofundishwa, na ile sauti ikaanza ndani ya pua, ndefu, yenye mtetemo, kabla midomo haijafunguka.

"Mmmma."

Waliokuwa uwanjani walijitupa chini. Wengine walifunika watoto kwa miili yao. Mlinzi aliachia fundo la mbeleko akakimbilia ngazi.

"Ma," akasema Bi Siwatu tena. "Mama. Mama! Mama yangu!" Aliita kuelekea kule makaburini, kwenye njia iliyochukuliwa zamani, aliita kwa sauti ya mtoto mdogo aliyepotezana na mtu sokoni. "Mama, nilikuwa nakuita! Nilikuwa nakuita wewe!"

Hakuna kilichotokea. Mbuzi wa Ulimini waliendelea kula. Shuka moja lilipeperuka.

Kisha yakaanza kumtoka mengine, moja juu ya moja, kama mtu aliyefunguliwa ghala. "Maji. Maziwa. Mahindi. Matumaini. Marahaba! Binti, marahaba, shikamoo yako ya juzi. Marahaba nyote mlioniamkia!" Akageuka. "Na wewe, Machano. Machano! Miaka yote hii sijawahi kukuita jina. Machano, maneno yako yamenichosha."

Mzee Machano alikaa juu ya kiti, kilemba kikiwa upande. "Umelibutua," akasema. "Umelimwaga Apizo. Sasa tumebaki na nini? Watatuingilia. Watatuingilia leo leo."

"Wameshaingia, baba," akasema Sikudhani, akikaza fundo la mbeleko. "Nepi zile pale."

Ndipo Jecha alipoinuka. Mdomo wake ulikuwa ukicheza kama wa mtu anayejaribu mlango uliokwama. Aliutazama uzio, akamtazama Bi Siwatu aliyekuwa akilia na kucheka, akavuta pumzi.

"Basi," akasema.

Neno lenyewe lilimshangaza. Akalirudia kwa sauti ya kutosha uwanja mzima. "Basi! Sikubali. Kisima ni chetu. Kisima! Sikubali." Akateremka ngazi akiwa ameshika joho lake, na watu wakampisha, halafu wakamfuata, kwa sababu sasa hapakuwa na neno la kuwafanyia kazi wakiwa wamelala. Ilibidi waende kwa miguu yao.

*

Sikudhani angeweza kuondoka kwa lango lililokuwa halina mtu. Lakini njia ya kwa mama yake ilipita pale pale kwenye uzio, kwa hiyo alijikuta katikati.

Halikuwa jambo la kupendeza. Watu wa Kinywani waling'oa nguzo, wa Ulimini wakazishikilia. Walivutana, wakatukanana matusi ya kifamilia, maana walikuwa wakijuana. "Wewe Kombo, nilikulea mimi, leo unanivuta nguzo?" "Shangazi, shuka hilo niachie, la kwangu!" Mmoja alichaniwa kanzu, mwingine alitoka damu puani. Jecha alisukumwa akaanguka chali kando ya kisima, akainuka, akasema sikubali, akasukumwa tena. Ulikuwa ugomvi hasa, ugomvi wa watu wanaoonana nyuso, na kwa jinsi walivyokuwa wakichoka ungeweza kuonekana mwisho wake: nguzo hii irudi, ile ibaki, kisima tuchote wote, tena kwa zamu.

Ila palikuwepo ofisa wa Ulimini, mwembamba, mwenye mkufu wa cheo, ambaye hakupendezwa na mwisho wa namna hiyo. Alipanda juu ya jiwe.

"Ninyi hamna tena Apizo!" akapaza sauti. "Sisi letu tunalo! La silabi tisa, zima, halijaguswa! Mkivuta nguzo moja zaidi, tunalitamka!"

Mikono ikaacha kuvuta. Ile baridi ya zamani ikapita juu ya watu wote, wa huku na wa kule. Kina mama wa Ulimini nao walirudi nyuma wakikumbatia nguo mbichi, kwani walijua neno hilo likitoka haliwaachi wao. Jecha aliinamisha kichwa. Maji yakasikika yakidondoka kutoka kwenye mashuka.

Katika kimya hicho Tunu, aliyekuwa amechoka kulia, alitoa kichwa nje ya mbeleko. Alimtazama yule mtu aliyepiga kelele juu ya jiwe. Akakunja uso.

"Taki," akasema.

Sikudhani aligeuza shingo polepole. Alikuwa amelingoja neno la kwanza la mtoto huyu kwa miezi, alikuwa amelisihi na kulililia. Na halikuwa mama.

"Amesema nini?" akauliza ofisa.

"Amesema hataki," akajibu mwanamke mmoja wa Ulimini. Aliweka chini beseni lake la nguo. "Na mimi sitaki."

"Hutaki nini, mwanangu?" akauliza Sikudhani.

Tunu akaipiga nguzo iliyo karibu kwa kiganja kilichofunguka.

"Taki!" akasema, kwa nguvu zaidi, na watu wa pande zote mbili wakainama kuishika, waing'oe pamoja.